Sauti Zilizokosewa za Mwalimu Liao

Peng Jui-lien alikuwa mwanamke wa kujiamini, tena bila kificho. Akikwambia faili lako lipo, usihangaike kulitafuta, lipo. Akikwambia limepotea, kaa chini ulie, maana hakuna mwingine mjini Huwei, Taiwan, atakayekurudishia. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa moja: kutunza ghala la faili katika studio ya Bosi Lo, inayotengeneza tamthilia za vikaragosi vya mkononi, vile vya kuvaa kama glavu, ambavyo siku hizi hurukaruka angani na kutema moto kwa msaada wa kompyuta.

Ghala lenyewe halikuwa na mlango wala kufuli. Lilikuwa seva moja nyeusi iliyosimama chumba cha nyuma chenye kiyoyozi, na juu yake pakiti ya kijani ya bisi za nazi, maana jina la bisi hizo humaanisha mtiifu na kijani ni rangi ya taa ya ruhusa, ili mashine iwe na adabu. Jui-lien alisema haamini mambo hayo. Lakini pakiti ikikaribia kuisha muda wake, ni yeye aliyekwenda dukani kununua nyingine, na akikuta zimebaki za njano tu alikwenda duka la pili.

Ndani ya seva hiyo kulikuwa na mfumo wa kutunza matoleo. Mchoraji akibadilisha upanga wa kikaragosi, upanga mpya unaingia na wa zamani unabaki chini yake. Akibadilisha tena, inakuwa mitatu. Ukifuta kitu kinatoka machoni tu. Ghalani kimelala palepale, na siku ukikitaka Jui-lien anakuamshia. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake. Hata nyumbani alikuwa hivyohivyo. Mumewe, fundi wa pikipiki, aliwahi kuwaambia majirani kwamba mke wake hasahau kosa, analihifadhi na tarehe yake. Jui-lien alisikia, akacheka kuliko wote, akamtajia tarehe aliyoyasema maneno hayo mara ya kwanza.

Taabu ni kwamba kisichokufa kinakula nafasi. Picha, moshi wa kuchora, milipuko, sauti, vyote ni vizito, na studio ilikuwa haijawahi kutupa kitu tangu ianzishwe. Mwaka ule, mwezi wa mwisho wa kalenda ya zamani, kiwanda cha sukari kikiwa kimeanza kusaga miwa na mji mzima unanukia sukari iliyoungua, diski zikajaa. Zikajaa wakati sehemu ya mwisho ya tamthilia haijapikwa bado. Kupika, kwa watu wa studio, ni kuziachia kompyuta ziunganishe vikaragosi na moto na anga mpaka itoke picha kamili, na kupika kunataka nafasi. Kituo cha televisheni kiliitaka sehemu hiyo kabla ya mwaka mpya, na hakikuwa na simulizi nyingine.

"Bosi, tununue diski," Jui-lien alisema.

Bosi Lo alikuwa mkono wa birika anayejulikana tarafa nzima. Hata maua ya mlangoni yalikuwa ya plastiki.

"Tunanunua za nini? Mwezi huu kila nyumba inafagia kuukaribisha mwaka. Mke wangu katupa mpaka viatu vyangu, tena vizima. Na wewe fagia."

"Nyumbani mnafagia vumbi. Mimi hapa nafagia kazi za watu."

"Kazi za watu ambazo hakuna anayezitumia, wewe unaziitaje?"

Jui-lien alicheka. "Takataka."

"Umesema mwenyewe."

Kusema kweli, moyoni alikuwa akiitamani kazi hiyo. Mtu anayejua kutunza huwa na hamu ya siri ya kutupa, na yeye alikuwa na uhakika kwamba hakuna mtu Taiwan nzima angeweza kulifagia ghala lile kwa usafi kuliko yeye. Kitu kimoja tu alijiapiza hakitaguswa, nacho ni sauti ya Mwalimu Liao.

Mwalimu Liao Teng-yun alikuwa ndiye msemaji wa vikaragosi wa studio. Kwenye sanaa hii mtu mmoja husemea wote. Yeye ndiye jenerali, ndiye msichana aliyeibwa, ndiye mtawa mlevi na mchawi mwenye jicho moja, anawagombanisha, anawapatanisha, anawaua, na koo ni hilohilo. Watoto wa mkoa mzima wa Yunlin walikua wakilisikia koo hilo kabla ya kulala. Alifariki mwaka juzi, na sasa kwenye kiti chake mbele ya maikrofoni alikaa mwanawe, Liao Chi-tse, ambaye wote walimwita A-Tse.

Jui-lien hakumzika. Mwalimu alifariki yeye akiwa amejifungua mtoto wa pili na yuko ndani, na mzazi ambaye hajamaliza mwezi wake hapeleki mguu msibani; mama mkwe wake angelala mlangoni kumzuia. Alipeleka bahasha nyeupe ya pesa za msiba kwa mkono wa mumewe, akabaki chumbani analia huku anakula kuku wa mafuta ya ufuta, kwa sababu mama mkwe alikuwa amekaa pembeni kuhakikisha analimaliza bakuli. Lilimuuma sana jambo hilo, na liliendelea kumuuma.

Kwa hiyo kila mwisho wa mwaka, mjane wa Mwalimu alipokuja studio na keki yake ya figili aliyoipika kwa mvuke mwenyewe, na kuuliza swali lake lilelile, "Sauti ya mzee ipo?", Jui-lien hakumjibu kwa kumridhisha tu. "Ipo, Mama Mwalimu. Atakayeigusa ataanza na mimi." Hiyo ndiyo ilikuwa rambirambi yake, nyingine hakuwa nayo.

Akaanza kufagia. Kwanza alishughulika na kompyuta za wachoraji, ambazo kila moja ilikuwa imejaza nakala za zamani. Nakala hizo ziliweza kufutwa bila hofu, mradi zile za asili ziwe zimefika kwenye seva. Wachoraji walimwapia zimefika. Yeye hakutaka viapo.

"Niliipeleka, Dada, naikumbuka kabisa."

"Wewe unakumbuka kuituma. Mimi nataka kuiona imefika."

Akawa anaiuliza seva faili kwa faili, na kweli akakuta anga zima la machweo ambalo mchoraji mmoja alidhani amelipeleka, kumbe lilikuwa limelala kwenye kompyuta yake tu. Jui-lien alimtazama tu kwa furaha, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

Kisha akaigeukia seva. Akaandika kanuni yake vizuri: chochote ambacho kazi ya sasa haikitumii, na ambacho hakijaguswa tangu mwaka juzi, kiondoke moja kwa moja, kisiweze kuamshwa tena. Vya kulindwa vilikuwa viwili. Kimoja ni folda ya Liao. Cha pili ni joka la Bosi, linalotokea mwanzoni mwa kila sehemu, kwa sababu Bosi alisema joka lisiguswe, na siku hiyo Jui-lien hakuwa na hamu ya ugomvi.

Programu ya kufagia ina tabia nzuri. Ukitaka, inakutajia kwanza itakachofuta bila kufuta. Jui-lien hakuwahi kuruka hatua hiyo, na asubuhi hiyo pia hakuiruka. Vitu vikajipanga kwenye kioo, kizito kuliko vyote juu, na pale juu kabisa palikuwa na folda iliyoandikwa Bwana Chang.

Hakumjua. Alikuwa na kumbukumbu ya kila aliyewahi kufanya kazi pale, hata yule kijana wa milio ya panga aliyekaa wiki moja akaenda zake Taipei, na hapakuwa na Chang hata mmoja. Alichungulia ndani akaona faili za sauti ndefundefu zenye tarehe tu, hazina kichwa wala miguu, ziko kwenye tawi la pembeni ambalo hakuna aliyelipitia tangu mwaka juzi. Zilikuwa nzito ajabu. Akahisi raha ya mtu aliyekuta kabati limejaa nguo za mpangaji aliyehama.

Mchana, kama kawaida, walikaa meza moja na maboksi yao ya wali na nyama ya kuchemshwa kwa soya. Jui-lien alifungua boksi lake, akatangaza.

"Nimepata nafasi yote tunayoitaka, tena kwa mtu mmoja. Kuna Chang fulani katujazia ghala masauti halafu katokomea."

"Chang gani?" Bosi Lo aliuliza. "Mimi sijawahi kumlipa Chang."

"Ndiyo vizuri. Hatarudi kudai chake. Nikimaliza kula nabonyeza."

"Bonyeza hata sasa, wali hautakukimbia."

A-Tse alikuwa ameinua vijiti vyake kuelekea mdomoni. Akavirudisha chini, taratibu, juu ya kifuniko cha boksi.

"Dada, usibonyeze."

"Kwani unamjua?"

"Ni baba."

Jui-lien alimtazama A-Tse, akamtazama Bosi, akarudi kwa A-Tse.

"Baba yako ni Liao. Folda ya Liao nimeilinda, iko pale pale."

"Alikuwa Liao akiwa hai," A-Tse alisema. "Sisi kina Liao wa Erlun ndivyo tulivyo. Babu yetu wa zamani alikuwa Chang, akaingia ukweni kwa kina Liao, wakakubaliana kizazi chake kiishi kwa jina la Liao na kife kwa jina la Chang. Kaburi la baba limeandikwa Chang. Kibao chake cha kumbukumbu nyumbani kimeandikwa Chang. Na mimi siku yangu ikifika nitakuwa Chang. Basi tulipotoka kumzika nikaona si heshima kumwacha humu kwa jina la walio hai. Nikazikusanya rekodi zake za pembeni, folda nikaipa jina hilo."

"Bila kuniambia."

"Ulikuwa ndani, Dada. Nani angekuletea habari za makaburi una kichanga kifuani?"

Jui-lien naye akaweka vijiti chini. Akamgeukia Bosi Lo. "Na wewe mtu wa hapahapa, hukujua desturi hii?"

"Naijua tangu utoto," Bosi alisema, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Lakini nani anawaza kaburi akiangalia seva?"

Jui-lien hakuwa mtu wa kujilaumu hadharani, na hata hapo hakujilaumu, ila alilifunika boksi lake wali ukiwa bado umo. Kati ya Mwalimu na kufutwa palikuwa na boksi la wali tu. Angemaliza kula, angekwenda kubonyeza, halafu Mama Mwalimu angekuja na keki yake ya figili na kuuliza swali lake, na yeye angemjibu kwa kujiamini kwamba ipo.

"Sasa ile niliyoilinda ina nini?" aliuliza.

"Ile ni kazi iliyokamilika, niliyoiacha kwa jina alilojulikana nalo. Sauti za vikaragosi, zilizosafishwa, zilizorushwa. Hii ya Chang ndiyo mengine yote. Mazoezi, alipoteleza, alipokohoa, aliposimama katikati kutafuta neno."

Bosi Lo akashusha pumzi. "Kumbe nzuri zipo. Basi tusitishane. A-Tse, mimi baba yako nilimpenda, unajua. Lakini kazi yake iko salama, na haya ni makosa yake. Yeye mwenyewe alikuwa hataki hata tuyasikie. Ungemuuliza angesema yatupeni."

"Angesema hivyo," A-Tse alikubali. "Lakini kwenye zile nzuri, Bosi, baba hayupo. Kuna jenerali, kuna msichana, kuna mtawa mlevi. Mama anawasha televisheni amsikie mumewe, anamsikia mchawi mwenye jicho moja. Baba yuko kwenye hizi alizokosea. Alikuwa akikosea ndipo anaongea kwa sauti yake."

Mchoraji wa machweo aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kitu ndani ya boksi. Jui-lien alilikumbuka neno lake la takataka, akaona aibu, na kwa kuwa aibu haikumzoea, ilimpa hasira, na hasira ikampa akili.

"Sawa," Bosi Lo alisema mwishowe, kwa upole usiokuwa wa kawaida yake. "Sasa sehemu ya mwisho niipike wapi? Kwenye sufuria?"

"Bosi," Jui-lien alisema, "tuzungumze habari za joka."

"Joka halihusiki."

"Linahusika sana. Nimelipima. Joka lako peke yake limemzidi Mwalimu uzito, pamoja na vikaragosi vyote alivyovisemea."

Watu wa meza ile walianza kutazamana, maana hakuna asiyelijua joka lile. Bosi Lo aliwahi kutaka magamba yawe ya buluu, kisha ya shaba, kisha ya buluu iliyokaribia shaba. Alitaka ndevu ndefu, akataka zipungue, akataka zipepee upande ambao upepo hautoki. Kila badiliko lilipikwa upya na moto wake na moshi wake, na kila joka lilijikunja ghalani likalala juu ya mwenzake.

"Na linalorushwa ni lipi?" Jui-lien aliendelea. "Niambie mwenyewe."

Bosi Lo alikwangua wali pembeni ya boksi. "La kwanza."

"La kwanza. Lile walilokuletea siku ya kwanza ukasema halina roho."

"Nilikuwa natafuta, mama. Sanaa ni kutafuta."

"Ulitafuta, ukarudi ulikotoka. Hayo mengine hakuna anayeyatumia. Kitu kizito ambacho hakuna anayekitumia, wewe unakiitaje?"

Mtu mmoja alipaliwa na supu. Bosi Lo akakwangua wali tena.

"Lile la ndevu za dhahabu niachie," alisema.

"Lile ndilo zito kuliko yote. Nitakutolea picha yake moja, uiweke ukutani."

"Mke wangu katupa viatu vyangu, wewe unatupa majoka yangu. Mwezi huu sina changu."

"Ni mwezi wa kufagia, Bosi. Ulisema mwenyewe."

Walicheka wote, A-Tse pia, ingawa macho yake yalikuwa mekundu, na Bosi Lo akacheka mwisho kabisa, akijaribu kuonekana kama aliyepanga iwe hivyo tangu awali.

Jui-lien alirudi chumba cha nyuma na A-Tse akaketi kando yake. Kwanza walimnakili Bwana Chang kwenye diski mbili, moja ya studio na moja ya nyumbani kwa A-Tse. Folda akaiacha na jina lake la kaburini, kwa kuwa ndilo lake, ila kwenye kanuni ya kulinda aliandika majina yote mawili. Akalitoa joka kwenye ulinzi, akabakiza lile la kwanza tu. Akaiamuru programu itaje tena bila kufuta, na wakasoma pamoja, mstari baada ya mstari, mpaka A-Tse akasema sioni baba. Hapo ndipo Jui-lien alipobonyeza. Majoka yakaanza kutoka, la buluu, la shaba, la ndevu za dhahabu, na nafasi ikafunguka kwenye seva mpaka hata yeye akashangaa. Sehemu ya mwisho iliingizwa jikoni alasiri hiyohiyo.

Mashine zikiwa bado zinanguruma, Mama Mwalimu akatokea mlangoni, keki ya figili imefungwa kwa kitambaa, nywele zimechanwa vizuri. Aliiweka keki mezani, akauliza.

"Sauti ya mzee ipo?"

Safari hii Jui-lien hakujibu haraka. Alimvutia kiti, akamweleza yote bila kupunguza, na jinsi wali ulivyokuwa umebaki kidogo kwenye boksi. Mama Mwalimu alisikiliza, mkoba wake umekaa magotini.

"Lakini ipo?"

"Ipo. Na mimi nikishafagia siamini mpaka nifungue kitu nikione kinafunguka. Sikufungua bado. Tufungue pamoja."

Alichagua faili lolote, la tarehe ya zamani sana, akapandisha sauti. Jenerali akanguruma, akamwambia adui yake kwamba mito tisa itajaa damu kabla ya alfajiri, na katikati ya mto wa tano neno likamponyoka, akasimama. Kikafuata kimya, kisha kikohozi. Halafu ikaja sauti nyingine, ya taratibu, yenye mikwaruzo, sauti ya mzee wa Erlun ambayo haikuwa ya kikaragosi chochote.

"Jui-lien, upo?"

"Nipo, Mwalimu," ilijibu sauti ya msichana, na Jui-lien akashtuka kujisikia akiwa mdogo vile.

"Hii nimeiharibu. Ifute."

"Nafuta, Mwalimu."

"Usinifiche pembeni huko. Ifute kabisa, mtu asije akasikia."

"Nimeshaifuta."

"Kweli?"

"Kweli kabisa, Mwalimu."

"Haya. Wewe nakuamini."

Faili likafika mwisho. A-Tse alikuwa amegeukia ukutani. Jui-lien, aliyekuwa na jibu la kila kitu, alikaa machozi yanamtiririka wala hakuyapangusa, kwa sababu alikuwa msibani hatimaye. Mama Mwalimu alimshika mkono.

"Kumbe ulimdanganya."

"Nilimdanganya, Mama Mwalimu."

"Ulifanya vizuri," mama yule alisema. "Rudisha pale anapokohoa."